Kocha wa Nyuma

Jezi ya kwanza niliyopewa Stockholm ilikuwa namba saba. Hakuna aliyeniuliza huwa nacheza wapi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, mwezi ambao Waswidi wanauita wa machipuko, ingawa mimi sikuona kilichochipua. Theluji chafu ilikuwa imerundikwa pembeni mwa uwanja wa changarawe, na maji yake yalikuwa yakitiririka hadi golini. Nilikuwa nimetoka Tanzania kuja kusomea umeme, na timu ya chuo ilikuwa inajaribu wachezaji wapya. Kocha, kijana wa mwaka wa mwisho mwenye filimbi shingoni, aliniangalia miguu kama mtu anayenunua mbuzi, akanirushia jezi.

"Winga wa kulia," alisema. "Wewe kimbia tu."

"Mimi ni sentahafu," nilimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswidi changu bado kilikuwa cha kununulia mkate.

"Na miguu hiyo?" Akacheka. "Kimbia tu. Utafurahi."

Sikufurahi. Chuoni kwetu Tanga nilikuwa sentahafu na kapteni, na sikufika hapo kwa miguu. Aliyetufundisha mpira alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kwake yeye kuzuia ilikuwa kazi ya kichwa. Alikuwa akitufunga mabeki wanne kwa kamba ya katani, kiunoni, mmoja baada ya mwingine, kisha anatembeza mpira upande huu na upande ule. Beki mmoja akisogea, wote tusogee. Akichelewa mmoja, kamba inamvuta na tumbo linamuuma. Tulilalamika sana. Lakini baada ya muda alitufungua, na tukaendelea kusogea pamoja kana kwamba kamba bado ipo. Timu za idara ya barabara na za bandari zilikuja kwetu na masentafowadi wao mashuhuri wakarudi mikono mitupu.

Hayo yote yule kijana wa filimbi hakuyajua, na wala hakutaka kuyajua. Kwake Mwafrika alikuwa kitu kinachokimbia. Nilikimbia kipindi cha kwanza chote bila faida. Kipindi cha pili sentahafu wa upande wetu aliteguka kifundo cha mguu, nami nikarudi nyuma kushika nafasi yake bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu dakika hiyo hatukufungwa. Mchezo ulipokwisha walinizunguka wakisema, "Ajabu! Ajabu sana!" Hakuna aliyesema samahani. Neno hilo la ajabu nilikuja kulisikia mara nyingi katika nchi ile, na nilijifunza kulichukia. Ng'ombe akiimba ndiyo ajabu. Mtu akifanya kazi anayoijua, ajabu iko wapi?

Nilipomaliza masomo nilipata kazi katika kiwanda cha kutengeneza swichi na paneli za umeme, nikahamia Jakobsberg, nje kidogo ya jiji, mahali penye kituo cha treni, maduka mapya na maghorofa yaliyofanana kiasi kwamba wiki ya kwanza nilijaribu kufungua mlango wa jirani kwa ufunguo wangu. Huko nilijiunga na klabu ya mtaa. Na huko ndiko nilikofunga ndoa na mwanamke wa Kisumu, muuguzi, aliyekuwa amekuja kusoma kama mimi. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinagombana kila siku. Mimi nilisema "barabara", yeye akasema "sawasawa". Mimi nikasema "nyamaza", yeye akasema "wacha maneno". Lakini katika jambo la mpira alikuwa anaona mbali kuliko mimi, na yeye hata sheria ya kuotea hakuijua.

Goti langu lilikufa katika mechi ya kawaida kabisa, kwenye kiraka cha barafu karibu na kibendera cha kona. Daktari alinikataza kucheza. Kocha mkuu wa klabu, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja, alikuja kunitembelea akiwa na keki mkononi. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyekundu, hana kelele. Nasema hivyo kwa haki, maana sikuonewa na watu wakali. Wakali ningewajua mapema.

"Wewe huwezi kuacha mpira," aliniambia. "Nifundishie mabeki. Mimi nitashika timu, wewe shika nyuma."

Nilikubali kwa moyo wote. Siku hizo Waswidi walikuwa wamejifunza kuitana "wewe". Zamani, waliniambia, mtu alilazimika kumwita mkubwa wake kwa cheo: Bwana Mhandisi, Bwana Mkurugenzi. Sasa mkurugenzi wa kiwanda alikuwa "wewe", daktari alikuwa "wewe", na mimi pia nilikuwa "wewe". Kwetu sisi tuliozoea shikamoo jambo hilo lilitutia baridi, lakini nilidhani ndiyo usawa wenyewe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wameviondoa vyeo midomoni tu. Viti vilibaki palepale.

Mabeki niliowakuta walikuwa watu wazuri wasio na mpango. Kila mmoja alipewa mtu wake wa kumkaba, akamfuata popote, hata mtu huyo akienda kunywa maji. Golini palibaki uwanda. Jioni moja nilichukua kamba ya kuanikia nguo ya mke wangu, nikaenda nayo uwanjani, nikawafunga wanne kiunoni kama nilivyofungwa mimi. Walicheka mpaka wakaanguka, wakavutana chini, changarawe ikawachubua magoti. Beki wa kushoto, kijana fundi bomba mwenye akili nyingi kuliko maneno, ndiye aliyenyanyuka wa kwanza.

"Ngoja," aliwaambia wenzake. "Ana maana. Turudie."

Tulirudia majira yote ya baridi, chini ya taa za uwanja, pua zikichuruzika. Machipuko yalipofika walikuwa ukuta unaotembea. Timu zilikuja Jakobsberg zikaotea, zikaotea tena, mpaka mashabiki wao wakamtukana mshika kibendera. Na nani anambeba beki mabegani? Hakuna. Aliyefunga bao moja la kubahatisha ndiye aliyebebwa. Hilo sikulionea uchungu, ndivyo mpira ulivyo duniani kote. Uchungu wangu ulianza gazeti la mtaa lilipokuja.

Mwandishi alifika na mpiga picha. Walitupiga picha tukiwa na kamba, mabeki wanne, kocha mkuu upande mmoja, mimi upande wa pili nimeshika ncha. Gazeti lilipotoka, mke wangu ndiye aliyelileta nyumbani kutoka hospitalini, akaliweka mezani juu ya sahani yangu ya chakula.

"Haya, jitafute," alisema.

Nilijitafuta. Nikaona ngumi nyeusi imeshika kamba ukingoni mwa picha. Basi. Mkono bila mtu. Chini yake kocha mkuu alieleza jinsi fikra ile ilivyomjia siku alipokuwa akitazama wapanda milima wa kaskazini, wanavyojifunga kamba ili mmoja asiporomoke. Wapanda milima! Nilisoma sentensi ile mara nyingi, nikidhani labda ni Kiswidi changu kinachonidanganya.

Kesho yake nilimfuata kwenye chumba cha klabu, ambako alikuwa anajaza mipira upepo.

"Mlima gani?" nilimwuliza.

"Mlima?"

"Ulikowatazama watu wamejifunga kamba."

Aliona haya, ndevu na uso vikawa rangi moja. "Gazeti ndilo lililokata picha," alisema. "Mimi sina habari na picha."

"Sikuulizi picha. Nakuuliza maneno. Kamba ile ni ya mwalimu wangu wa Tanga. Nilikwambia mwenyewe, humu humu, tukinywa kahawa."

Aliweka pampu chini. Akaniambia kwa upole, kama anavyomwambia mwanafunzi aliyegombania zamu ya bembea, kwamba hapa Sweden hawana desturi ya kusema hiki changu na hiki chako. Kila kitu ni cha timu. Mtu hajikwezi.

Nilitoka nimefura. Kutojikweza, kumbe, ni sheria ya kumshika mgeni. Yeye aliyekwezwa gazetini hakuwa amejikweza. Aliyejikweza ni mimi niliyeuliza. Jambo lililoniuma kuliko picha ni kwamba mwalimu wangu wa hesabu, mtu aliyetengeneza jambo lake kwa kufikiri, kwenye vumbi, bila mtu wa kumsaidia, alikuwa ameibiwa na wapanda milima. Miaka michache baadaye mtindo ule ule wa kukaba eneo badala ya kukaba mtu ulianza kusifiwa Sweden nzima, watu wakabishana juu yake kwenye treni, wakasema umeletwa na makocha kutoka Uingereza. Sikubisha. Ningebishana na treni nzima?

Nilibaki. Watu huniuliza kwa nini, na mke wangu aliuliza kuliko wote. Nilibaki kwa sababu ya mabeki. Mtu akikusikiliza kila Jumanne na Alhamisi kwenye baridi ya kukatika masikio, ni vigumu kumwacha kwa kosa la mwingine. Wachezaji walizeeka, wengine walikuja, nikawafundisha wote. Binti yetu alizaliwa, akaanza kutembea, akaanza kunijibu kwa Kiswidi kila nilipomsemesha Kiswahili. Na mimi nilikuwa bado kocha wa nyuma.

Kisha yule kocha mkuu akachukuliwa na klabu kubwa zaidi mjini, kwa sifa ya ulinzi wa timu yake. Nafasi ikabaki wazi. Uwanjani kila mtu alidhani ni mimi. Mtunza uwanja alishaanza kuniita bosi kwa utani. Mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la rangi na karatasi za ukutani, aliniita chumbani, akanimiminia kahawa, akanisogezea mkate wa mdalasini. Nilipouona mkate ule nikajua. Waswidi hawakupi habari mbaya bila kitu kitamu.

"Tumemchagua beki wa kushoto," alisema. Yule fundi bomba, alikuwa ameacha kucheza mwaka uliopita. "Ni kijana, ana damu mpya. Tunataka wewe umsaidie. Bila wewe hawezi."

"Kama bila mimi hawezi, kwa nini si mimi?"

Alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Kocha mkuu anazungumza na wazazi, na magazeti, na manispaa. Lugha yako, unajua..."

"Nimesema Kiswidi na mabeki wako miaka yote hii. Nani amewahi kupotea?"

"Lakini hiyo ni kuzuia," alisema, akainua mikono kama mtu asiye na kosa. "Kuzuia unakujua, hakuna anayebisha. Kujenga mchezo, kushambulia, hilo ni jambo jingine. Huko kunataka mtu anayeona uwanja wote."

Nilimwambia kwamba anayeona uwanja wote ni yule anayesimama nyuma. Wengine wote wana watu mgongoni wasiowaona. Aliitikia kwa kichwa, akasema nimesema vizuri sana, ajabu, atalikumbuka. Nikaacha mkate wake mezani.

Jumapili iliyofuata fundi bomba alikuja nyumbani kwangu, kavaa koti la heshima. Mke wangu alimfungulia mlango na hakumkaribisha kiti. Alikaa mwenyewe, ukingoni, mikono kati ya magoti.

"Niliwaambia iwe wewe," alisema.

"Ukawaambia, halafu?"

"Halafu wakaniuliza mara ya pili."

Sijawahi kusikia mtu akieleza dunia kwa maneno machache kiasi hicho. Nilishindwa hata kumfukuza. Alikuwa mkweli, na nilimpenda. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama. Aliponiomba nibaki naye nilisema ndiyo, na alipoondoka mke wangu alisimama jikoni, mwiko mkononi.

"Wewe mwanamume, unapika sherehe ya watu halafu unapakuliwa ukoko wa sufuria! Mpaka lini?"

"Hawa vijana hawana kosa."

"Mimi sikuulizi kosa la nani. Kwani ulikuja huku kuwa mlinzi wa nyumba ya wengine?"

Msimu ule tulikuwa wazuri kuliko wakati wowote. Mimi na fundi bomba tulipanga kila kitu pamoja, na mara nyingi alisema mbele ya wachezaji, "Muulizeni yeye." Hilo alinitendea, silisahau. Tulipanda daraja. Klabu ikaandaa karamu kwenye ukumbi wa shule, viazi, samaki wa siki, mishumaa, mabinti wa wachezaji wakiimba. Mke wangu alivaa kitenge alichokuwa amekiweka tangu harusi ya dada yake.

Mwenyekiti alisimama kutoa shukrani. Alimsifu kocha kwa akili. Alimsifu mfungaji kwa ujasiri, na kipa kwa mikono yake. Akafika kwangu, akatabasamu, akasema, "Na rafiki yetu huyu kutoka Afrika, ambaye siku zote ana furaha! Hata kwenye theluji anacheka. Tunamshukuru kwa furaha yake." Watu wakapiga makofi. Nikapewa sahani ya mbao yenye picha ya farasi mwekundu.

Siku zote ana furaha. Sikuwa nimecheka kwenye theluji hata siku moja. Mimi kwenye uwanja ni mtu mkali, mabeki wangu wote walilijua hilo, walikuwa wananiogopa. Mwenyekiti alikuwa ameniangalia miaka yote bila kuniona. Alikuwa ameona meno. Mke wangu alinibana goti chini ya meza, lile bovu, nami nikasimama.

Kiswidi hakikunikimbia. "Nashukuru kwa sahani," nilisema. "Lakini mimi sina furaha. Mimi ni kocha. Timu hii imepanda kwa sababu haifungwi, na haifungwi kwa sababu nimeifundisha isifungwe, nikiwa nimekasirika karibu kila siku. Kama mnanishukuru, nishukuruni kwa kazi. Na kwa kuwa kazi hamuioni, kuanzia leo sifanyi tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Mishumaa ilikuwa inawaka tu. Mzee mmoja aliinama akaanza kukata kiazi. Fundi bomba alisimama, akabaki amesimama, mdomo wazi, na mabeki wanne wakasimama pia, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alinong'ona kwamba nimechoka. Nilimshika mke wangu mkono tukatoka, na nje, kwenye baridi, akaanza kucheka peke yake.

"Sasa ndiyo umesema," aliniambia. "Ulikuwa umechelewa, lakini umesema."

Nilikaa nyumbani majira yote ya baridi, sina pa kwenda Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa mzigo. Nilimkosoa binti yangu jinsi alivyopanga wanasesere. Kisha Mtanzania mwenzangu aliyefanya kazi kwenye maghala ya Jordbro, kusini kabisa ya jiji, akaniambia kuna timu huko inatafuta kocha. Ilikuwa timu ya vijana wa maghorofa na wafanyakazi wa viwanda: Wafini, Wagiriki, Wayugoslavia, Waturuki, na Waswidi wasiotakiwa kwingine. Ilikuwa mkiani mwa daraja la chini. Mwenyekiti wao alikuwa Mfini, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo, na tulikutana kwenye kantini ya kazini kwake, akiwa bado na glavu.

"Nimesikia unafundisha mabeki," alisema.

Nikainuka kuondoka. Nilikuwa nimepanda treni kutoka ncha moja ya jiji hadi nyingine kusikia maneno yale yale.

"Kaa chini," alisema. "Unataka nini?"

"Nataka kuchagua timu. Yote. Mpaka sentafowadi."

"Basi chagua," alisema, akarudi kwenye supu yake. Hakuwa ameelewa kwamba ni jambo kubwa. Kiswidi chake kilikuwa kibaya kuliko changu, na hakuna aliyekuwa amemwambia hawezi kuwa mwenyekiti.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani Jordbro, mvua ikinyesha ya kuchoma uso. Niliwapeleka mbele Wagiriki wawili ambao hawakuwahi kurudi nyuma maishani mwao, na niliwaambia wasirudi. Tulifunga mabao matatu. Tulifungwa manne. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikizuia, na mechi yangu ya kwanza kama kocha mkuu ikavuja kama chujio. Mke wangu alikuwa amekuja na binti yetu chini ya mwavuli, na nyuma yao palikuwa na mzee mmoja wa mtaa aliyelowa chapachapa. Bao la nne lilipoingia alinielekezea kidole.

"Wewe kocha!" alifoka. "Unafanya nini, wewe? Haya yote ni makosa yako!"

Binti yangu alikasirika, akataka kumjibu. Nilimzuia. Nilitaka yule mzee aendelee. Hakuna aliyekuwa amewahi kunilaumu katika nchi ile. Walikuwa wamenisifu, wamenistaajabia, wamenishukuru kwa meno yangu, na kila sifa ilinisukuma nyuma hatua moja. Huyu alinitukana kama mtu anayeamini kwamba ningeweza kufanya vizuri zaidi.

"Kweli ni makosa yangu," nilimwambia. "Njoo wiki ijayo."

Alikuja. Alikuja misimu yote niliyofundisha Jordbro, mpaka miaka ya sabini ikaisha, na hakuwahi kunisemea neno zuri. Tulipanda kidogo, tukashuka kidogo, tukapanda tena. Hasira yangu ya Jakobsberg haikwisha, na sijaona kwa nini iishe. Ukocha mkuu ulipaswa kuwa wangu miaka mingi kabla, nikiwa bado na goti linaloweza kupanda ngazi na nguvu za kubishana na refa.